Sikio Lililotangulia Mkono: Wanamuziki wa Majaribio na Siri ya Utunzi Wao

Swali ambalo msanii huulizwa mara nyingi kuliko mengine yote ni lile la chimbuko. Umeyatoa wapi haya? Jawabu nalo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelisaili: ni kipaji, ni ilhamu, ni majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Jawabu hilo lina heshima yake na halifai kubezwa. Hata hivyo, lina madhara yasiyoonekana upesi. Kijana anayeketi usiku katika bweni la chuo, kalamu mkononi, akingoja ilhamu imshukie na isimshukie, hufikia uamuzi mmoja tu: kwamba yeye si miongoni mwa walioteuliwa. Huikunja karatasi yake, akaizima taa, na pengine asitunge tena maishani. Ni wangapi walionyamazishwa na neno hilo moja, kipaji? Hakuna aliyewahesabu, kwa maana aliyenyamaza haachi diwani wala kanda.

Watunzi wa kale wa upwa wa Afrika Mashariki walikuwa waangalifu zaidi. Ni desturi katika tenzi nyingi mtunzi, kabla ya kuingia katika kisa chenyewe, kuomba aletewe karatasi na wino. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye yapata mwaka 1858, anamwita binti huyo huyo aketi karibu na vifaa vya kuandikia, na hamfichi kwamba anayemwusia ni mtu aliyeshikwa na maradhi kwa muda mrefu. Wahakiki wamezoea kuyapitia mafungu kama hayo harakaharaka, wakiyaita dibaji, ili wafike kwenye maudhui. Lakini mna ungamo zito katika dibaji hizo. Mtunzi anakiri kwamba kazi ina vifaa, ina mahali, ina mwili unaochoka, na ina mtu wa pili anayesikiliza. Mungu ameombwa msaada, naam, lakini na wino umeagizwa.

Ungamo la namna hiyo ndilo linalopatikana kwa wingi, tena kwa uwazi wa ajabu, katika maelezo ya kundi moja la wasanii ambao mwanafunzi wa Kiswahili hana mazoea ya kukutana nao: wanamuziki wa majaribio. Kazi zao huwaudhi wengi. Zinanguruma, zinakwaruza, nyingine hazisikiki kabisa, na si haba waliokwisha kuuliza kama huo ni muziki au ni mzaha. Swali hilo na liachwe kando kwa sasa. Jambo linalostahili kutafakariwa ni namna watu hawa wanavyozungumza kuhusu utunzi wao wenyewe, na lile ambalo mazungumzo yao yanamdai kila mtu anayetunga, awe ni wa wimbo, wa shairi au wa hadithi.

Istilahi yenyewe inahitaji kufafanuliwa. John Cage, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1912 na kufariki New York mwaka 1992, alieleza kwamba tendo la majaribio ni lile ambalo matokeo yake hayajulikani kabla halijatendwa. Fasili hii ni fupi lakini ina athari kubwa. Mtunzi wa kawaida husikia wimbo moyoni mwake kisha akautafutia sauti. Yu mfano wa fundi seremala anayekijua kiti kabla hajaushika msumeno. Mtunzi wa majaribio huweka utaratibu, akauanzisha, kisha akakaa pamoja na wengine kusikiliza kitakachotokea. Yeye ndiye msikilizaji wa kwanza wa kazi yake. Si ajabu basi kwamba wengi wao waliandika na kuzungumza sana kuhusu utaratibu wao: kuueleza utaratibu huo ni kuieleza nusu ya kazi yenyewe.

Kisa cha Cage na piano ni mfano bora. Mwaka 1940, katika shule ya sanaa ya Cornish mjini Seattle, mchezaji ngoma Syvilla Fort, binti Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, alimhitaji amtungie muziki wa kuandamana na mchezo wake ulioitwa Bacchanale. Mchezo ulikuwa na sura ya Kiafrika. Cage, ambaye wakati huo alikuwa akitungia makundi ya ala za kugongwa, alitamani kutumia ala hizo. Lakini jukwaa lilikuwa dogo mno, na ala pekee iliyopata nafasi ilikuwa piano moja. Alisimulia baadaye, bila haya, kwamba alipoteza siku nzima au zaidi akijitahidi kuunda mfululizo wa noti 12, kwa kanuni alizofunzwa na walimu wake wa Kizungu, ambao ungesikika kuwa wa Kiafrika. Hakufua dafu. Ndipo alipokata shauri kwamba kasoro haikuwa yake bali ya piano. Akaifunua, akajaribu sahani ya kuokea, ikarukaruka. Akajaribu misumari, ikateleza. Akafikia skurubu na bolti, ambazo zilikaa imara baina ya nyuzi. Piano ikaacha kuimba kama piano. Ikawa kundi zima la ngoma na njuga mikononi mwa mtu mmoja.

Yafaa msomaji aangalie vitu ambavyo Cage anavitaja katika masimulizi hayo: jukwaa finyu, muda mfupi, kushindwa kwa siku nzima, vifaa vya jikoni na vya karakana, na mtangulizi wake Henry Cowell, ambaye alikuwa amekwisha kuzipiga nyuzi za piano kwa vidole kabla yake. Hamna ndoto wala sauti kutoka juu. Waswahili husema penye nia pana njia. Katika kisa hiki nia ilikuwapo tangu asubuhi, na njia ikapatikana pale tu kizuizi kilipokubaliwa kuwa sehemu ya kazi.

Kwa Alvin Lucier kizuizi kilikuwa karibu zaidi, kwa kuwa kilikuwa kinywani mwake. Lucier, aliyezaliwa mwaka 1931 katika jimbo la New Hampshire na kufariki mwaka 2021, alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1969 alitunga kazi iitwayo I Am Sitting in a Room. Utaratibu wake ni mwepesi kiasi cha kumshangaza mtoto. Mtunzi anaketi chumbani na kusoma maneno machache yanayoeleza jambo analolifanya. Sauti inanaswa katika kanda. Kisha kanda inachezwa kwa spika ndani ya chumba hicho hicho, na sauti hiyo inanaswa upya, kanda ya pili inachezwa, inanaswa ya tatu, na kuendelea. Kila chumba, kulingana na ukubwa na umbo lake, huipa nguvu baadhi ya mivumo na kuizima mingine. Kadiri kanda zinavyofuatana ndivyo mivumo inayopendelewa na chumba inavyoyameza maneno, hata ikafika mahali ambapo hakuna neno linalotambulikana. Panabaki milio mirefu kama ya filimbi na kengele, na ndani yake mapigo yaliyokuwa mwendo wa usemi wa mtu.

Jambo la pekee katika kazi hii ni kwamba maelezo ya utunzi na utunzi wenyewe ni kitu kimoja. Matini inayosomwa ndiyo maelezo, na maelezo ndiyo yanayoyeyuka. Humo humo Lucier anadokeza kwamba lengo lake si sana kuthibitisha kanuni ya fizikia kama kuzilainisha zile hitilafu za usemi wake. Aliposoma, alikwama, na kukwama kwake kumehifadhiwa. Hakurudia ili aonekane msemaji fasaha. Na ilipofika zamu ya kueleza alikoutoa utaratibu huo, alisema kwamba alikuwa amepata habari za mhandisi Amar Bose, wa chuo cha MIT, aliyekuwa akizipima spika zake kwa kuizungusha sauti namna hiyo ili agundue kasoro. Mhandisi alitafuta kasoro aiondoe; mwanamuziki akaitafuta aiache ikue. Mwenye deni amelitaja deni lake, na kazi haikupungua thamani hata chembe.

Pauline Oliveros naye, aliyezaliwa Houston, Texas, mwaka 1932, alikuwa mpigaji wa kodiani, ala ambayo wapenzi wa taarabu na wa mwomboko wanaijua vyema. Katika miaka ya 1950 mama yake alimpa kinasa sauti kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Oliveros alisimulia mara nyingi jinsi alivyoitega maikrofoni dirishani akaacha kanda ikizunguka, na jinsi alivyofadhaika alipoirudia: kanda ilikuwa imenasa sauti ambazo yeye, aliyekuwapo pale pale akiwa na masikio mazima, hakuzisikia. Tangu hapo alijiwekea amri ya kusikiliza kila kitu kila wakati, na kujikumbusha kila alipojikuta ameacha. Amri hiyo ikawa msingi wa mafunzo yake yote. Mwaka 1974 alichapisha mkusanyiko wa mazoezi ya sauti yaliyoandikwa kwa maneno matupu pasipo noti, ili hata asiyesoma muziki aweze kushiriki. Mwaka 1988 aliteremka pamoja na wenzake Stuart Dempster na Panaiotis katika tangi la maji lililokauka, futi 14 chini ya ardhi, huko Fort Worden katika jimbo la Washington. Tangi hilo liliwahi kubeba galoni milioni 2, na mwangwi ndani yake ulidumu takriban sekunde 45. Katika mahali kama hapo mpigaji hawezi kuharakisha. Kila sauti anayoitoa itamrudia na kumngoja, naye hana budi kuisikiliza kabla ya kutoa nyingine. Oliveros aliuita mwenendo huo usikilizaji wa kina, na aliushikilia hadi alipofariki mwaka 2016.

Ukiyaweka pamoja maungamo ya watatu hawa, unapata picha ya utunzi iliyo kinyume na ile ya kijana wa bweni. Kijana anangoja ndani yake pasemwe kitu. Hawa wanatoka nje ya nafsi zao: Cage anaikagua piano, Lucier anakiuliza chumba, Oliveros anafungua dirisha. Sikio limeutangulia mkono.

Je, masimulizi hayo ni ya kuaminiwa? Msomaji makini hana budi kuuliza, maana msanii anayesimulia utunzi wake ni shahidi mwenye masilahi yake katika kesi. Cage mwenyewe kwa miaka mingi aliitaja 1938 kuwa ndiyo tarehe ya ile piano ya bolti, hadi watafiti walipoonyesha kwamba mchezo wa Syvilla Fort ulikuwa wa 1940. Kisa chake kingine mashuhuri kina shaka zaidi. Yapata mwaka 1951 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard katika chumba kilichojengwa ili kizime kila mwangwi. Akitaraji kimya, akasikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito. Alisimulia kwamba mhandisi aliyekuwapo alimwambia kuwa ile nyembamba ni mishipa yake ya fahamu ikifanya kazi, na ile nzito ni damu yake ikizunguka. Wajuzi wa mwili wameitilia shaka tafsiri hiyo, hasa sehemu yake ya kwanza: mishipa ya fahamu haitoi sauti inayosikika, na yamkini kilichokuwa kikilia ni masikio yenyewe. Hata hivyo, kutokana na tukio hilo Cage alikata shauri kwamba kimya kamili hakipo duniani. Tarehe 29 Agosti 1952, karibu na Woodstock katika jimbo la New York, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya piano kwa dakika 4 na sekunde 33 bila kugusa kibao hata kimoja, na waliohudhuria wakaachiwa sauti za mahali pale na minong'ono yao wenyewe.

Kosa la kisayansi lilizaa kazi ambayo haijasahaulika. Jambo hili lafaa kuwapa tahadhari wote wanaokusanya maelezo ya watunzi, wakiwemo wanafunzi wanaowahoji malenga na manju vijijini kwa ajili ya tasnifu zao. Neno la mtunzi kuhusu kazi yake linahitaji kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Linaweza kupotoka katika tarehe, likapotoka katika sayansi, na bado likawa kweli katika kitu kimoja: linaonyesha mtunzi aliamini nini wakati mkono wake ulipokuwa ukitenda.

Lakini kuna kosa jingine ambalo ni zito kuliko la tarehe, nalo ni la kumsahau aliyesikilizwa. Ikiwa utunzi unaanza kwa kusikiliza, lazima awepo anayetoa sauti. Ni nani huyo, na amepata nini?

Mwaka 1944, miaka minne kabla Pierre Schaeffer hajautangazia ulimwengu huko Paris muziki wake wa sauti zilizonaswa, kijana Mmisri, Halim El-Dabh, aliyezaliwa Cairo mwaka 1921 na kusomea kilimo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio mjini humo. Akaenda nacho kwenye hafla ya zar. Zar ni shughuli ya kuwatuliza pepo waliompagaa mtu, kwa nyimbo na ngoma. Imeenea Ethiopia, Sudan na Misri, na ina udugu wa wazi na ngoma za pepo za pwani ya Waswahili, ambako kila kabila la pepo lina wimbo wake na mapigo yake, na mganga asiyejua mapigo hayo hawezi kumpandisha pepo wala kumpunga. Katika Misri hafla hiyo ilikuwa ya wanawake. El-Dabh aliingia kwa kujifunika na kujificha. Aliporudi kituoni, aliupitisha mnaso wake katika vyumba vya mwangwi na kuukata sauti za msingi, akibakiza zile sauti nyembamba za juu zinazoelea juu ya uimbaji. Mwishoni sauti za wanawake wale hazikutambulikana tena kuwa za binadamu. Kazi hiyo ilisikizwa hadharani Cairo mwaka huo huo. Akieleza baadaye alichokuwa akikifanya, alisema alitafuta sauti ya ndani iliyofichika katika ile iliyonaswa.

Wengi leo wanajivunia, na wana haki, kwamba mmoja wa watangulizi wa muziki wa vyombo vya umeme ulimwenguni alikuwa mwana wa Afrika. El-Dabh alikwenda baadaye Marekani, akafanya kazi katika kituo cha muziki cha vyuo vya Columbia na Princeton, akafundisha kwa miaka mingi, na kufariki mwaka 2017. Ila wale wanawake? Walikuwa wakimtibu mwenzao. Sauti yao haikuimbwa kwa ajili ya maonyesho, na jina la hata mmoja wao halikuandamana na kazi. Uzuri wa kazi hiyo hauondoi swali hilo, na swali hilo haliondoi uzuri wa kazi.

Steve Reich, aliyezaliwa New York mwaka 1936, yuko katika mizani hiyo hiyo. Mwaka 1964 alimnasa mhubiri mmoja Mmarekani mweusi, aliyemtaja kama Brother Walter, akihubiri juu ya gharika ya Nuhu katika uwanja wa Union Square mjini San Francisco. Alipoweka vipande viwili vya mahubiri hayo katika mashine mbili, akitaka viende sambamba, mashine zikaachana polepole, moja ikaitangulia nyingine. Reich akagundua kwamba ajali hiyo ilikuwa na thamani kuliko mpango wake, na mwaka uliofuata akatoa It's Gonna Rain. Mwaka 1970 alisafiri hadi Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kujifunza ngoma za Waewe kwa mwalimu Gideon Alorwoyie, akaugua malaria, akarudi baada ya majuma machache. Alipoandika kuhusu safari hiyo alisema kwamba hakutaka kuiga mlio wa Afrika. Alitaka kujifunza namna ngoma zinavyojengwa, na akakiri kwamba Ghana ilimthibitishia njia aliyokwisha kuianza. Angalau mwalimu wake ana jina, na wapenzi wa muziki wanalijua. Lakini sauti ya mhubiri imekwenda mbali kuliko yeye mwenyewe.

Nchini Kenya swali hili limeshikwa na mikono ya kizazi kipya. Joseph Kamaru, anayejulikana kwa jina la KMRU, ni mzaliwa wa Nairobi na mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za Kikuyu, Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018. Mjukuu amerithi jina, na badala ya gitaa amechukua maikrofoni. Amejitwika pia jukumu la kuzitoa upya nyimbo za babu yake ili zisipotee. Albamu yake Peel, ya mwaka 2020, imejengwa kwa sauti za mazingira zilizorefushwa hata zikawa kama ukungu. Baada ya kuhamia Berlin aliona tofauti ambayo wasafiri wengi huihisi bila kuitaja: mji huo huwa kimya usiku, ilhali Nairobi haishi kuvuma. Akatumia maikrofoni zinazonasa mawimbi ya sumakuumeme, yaani yale yanayotoka katika nyaya na vyombo vya umeme bila kusikika kwa sikio tupu, na kutokana nayo akaunda kazi iitwayo Natur, iliyotolewa mwaka 2024. Hapo pana Oliveros na dirisha lake, ila dirisha sasa limefunguliwa kwa yale ambayo hata kinasa sauti cha kawaida hakingeyanasa.

Kazi yake inayogusa zaidi hoja ya makala haya ni Temporary Stored, ya mwaka 2022. Humo alitumia sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, jumba ambalo asili yake ni utawala wa Mfalme Leopold wa Pili juu ya Kongo. Jina la kazi linadokeza kitu kilichowekwa kwa muda tu, na kilichowekwa kwa muda kina mwenyewe na kina siku ya kurejeshwa. Mjadala wa kurejesha vinyago na viti vya kifalme umesikika sana. Wa kurejesha sauti haujasikika vya kutosha. Kinyago kikirudi, kabati la Ulaya hubaki tupu na kila mtu akaona. Sauti inaweza kunakiliwa mara elfu bila kabati kupungua kitu, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudai kwamba hakuna kilichochukuliwa. KMRU hakuziimbisha upya sauti hizo kana kwamba ni zake. Alizisikiliza kama mtu anayesikiliza jamaa walio nyuma ya ukuta, na katika kazi yake ukuta huo nao unasikika.

Kwa hiyo maelezo ya wanamuziki wa majaribio yanamfunza mtunzi chipukizi mambo mawili yasiyotengana. La kwanza linamwondolea mzigo. Hana haja ya kungoja ateuliwe. Chumba anamoketi kina mvumo wake, ulimi wake una mikwamo yake, barabara iliyo nje ya dirisha ina makanga, wachuuzi na mwadhini, na hata jenereta ya jirani inaimba kwa namna yake. Mtu anayeweza kusikiliza ana pa kuanzia, na kasoro anayoionea haya yaweza kuwa ndiyo malighafi aliyo nayo peke yake. La pili linamtwisha mzigo mwingine. Alichokisikia kina mwenyewe. Nyanya aliyemwimbia ngano, kondakta wa matatu ambaye misemo yake imeingia katika shairi, waombolezaji ambao kilio chao kimenaswa kwa simu ya mkononi, wote hao ni wadai wake. Kuwataja ni sehemu ya utunzi, na pale wasipotaka kutajwa au kunaswa, kuzima chombo pia ni sehemu ya utunzi.

Siku moja kijana huyo naye ataulizwa lile swali la chimbuko. Aliulizwa Cage, akazitaja bolti na jukwaa finyu. Aliulizwa Lucier, akamtaja mhandisi wa spika na kigugumizi chake. Mwana Kupona hakungoja kuulizwa, akaagiza wino. Jawabu la kijana liwe na uzito huo huo: lieleze alikuwa wapi, alikuwa na nini mkononi, kipi kilimshinda, na alimsikiliza nani. Kipaji, ikiwa kipo, hakitadhurika kwa kutajwa mwisho.